Migomba ya Nyuma ya Jiko

Restuta alishuka Nanyala asubuhi, akasimama kando ya barabara kuu mpaka lori la mwisho katika msururu lilipopita, ndipo akavuka. Nyumba aliiona tangu ng'ambo. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, rangi ya maziwa, na kwa mbali ilionekana changa kuliko alivyoiacha. Lakini hakuwa akiitazama nyumba. Macho yake yalikuwa juu ya paa la jiko la nje, yakitafuta majani ya migomba.

Yalikuwepo. Yalipepea taratibu, mapana, ya kijani, kama siku zote.

Akashusha pumzi, akajishika kiuno kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu apigiwe simu hakuwa amepata usingizi wa maana. Dalali wa nyumba, mtu mcheshi aitwaye Lusubilo, alimtafuta huko Isongole kwa mama yake, akamweleza kwamba wateja wamepatikana na kwamba ua utasafishwa wote, vibanda vibomolewe na miti ikatwe, gari lipate pa kugeuzia. Katikati ya migomba ile ndipo mama yake na wifi yake Fausta walipomlaza mtoto wake, aliyezaliwa kimya. Wanawake ndio walioshughulika, kama ilivyo kwao kwa mtoto ambaye hakulia. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na matanga, na wanaume hawakuitwa. Juu ya udongo walipanda chipukizi moja la mgomba, na lile chipukizi likazaa mengine, likawa kichaka.

Luka, mumewe, alikuwa safarini na lori siku hiyo. Aliporudi hakuuliza mtoto amelazwa wapi. Hakuuliza siku ile, hakuuliza mwaka ule, hakuuliza hata mara moja. Hilo ndilo lililowaachanisha, ingawa mbele ya wazee wa pande zote mbili waliokaa kuwatenganisha yalisemwa mambo mengine kabisa.

Kwa hiyo Restuta alikuja na jambo moja tu moyoni: migomba isiguswe. Nyumba iuzwe, kila mtu ashike njia yake, lakini anunuaye aahidi kwamba pale hapatachimbwa. Namna ya kulisema jambo hilo mbele ya Luka bila kumweleza sababu, hakuijua bado.

Lusubilo alimpokea getini, shati jeupe limechomekewa na kalamu mbili mfukoni.

"Karibu nyumbani kwako, shemeji," alisema. "Na leo ni kwako kweli, usiwe na wasiwasi."

Akamvuta kando amweleze. Wateja walikuwa wachumba waliobakiza siku chache wafunge ndoa. Watu wa huku, alisema Lusubilo, hawaulizi kwanza kuhusu bati wala maji. Wanauliza kwa nini mwenyewe anauza. Wakisikia wenye nyumba wameachana, basi, nyumba ina mkosi, hata ikijengwa kwa dhahabu hawaigusi, sembuse wachumba. Kwa hiyo leo tu, mpaka wateja waondoke, Luka na Restuta wangekuwa mume na mke wanaohamia Tunduma kwa ajili ya biashara.

"Mnajua kuwa mume na mke, si mlishawahi?" akacheka peke yake. Alipoona hachekewi, akakohoa. "Sasa nikutambulishe mama nani?"

"Restuta."

"Restuta tu?"

"Restuta tu. Linatosha."

Lilikuwa limemtosha miaka yote ile. Wenzake aliofundishwa nao kipaimara walikuwa mama fulani na mama fulani, wengine hata majina yao ya ubatizo yalikwisha kusahaulika. Yeye, mashineni kwenye kusaga, kanisani, sokoni Mlowo, alibaki Restuta, kama msichana aliyetumwa chumvi akachelewa kurudi.

Luka alitokea pembeni mwa nyumba akiwa na brashi mkononi. Amekonda, alifikiri Restuta, kisha akajikemea kwa kufikiri. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeanza mvi, na kwenye sikio la kushoto kulikuwa na tone la rangi. Zamani angelifuta kwa kidole gumba bila kuwaza. Sasa mkono wake ulianza safari, akaupeleka kwenye mkoba wake badala yake.

"Umefika," alisema Luka.

"Nimefika."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu." Haikuwa kweli, na wote wawili walijua.

Wakasimama hivyo, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Restuta alikuwa na habari zake. Alijua kuhusu Erica wa Tunduma, kwamba wanaishi pamoja chumba cha kupanga karibu na soko, na kwamba wana mtoto aliyekwisha kuanza kutambaa. Fausta mwenyewe ndiye aliyempa habari hizo, sokoni, kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno. Na kwa kweli nyumba ilikuwa inauzwa kwa ajili ya mtoto huyo, ili Luka apate pa kumjengea. Restuta hakupinga. Mtoto hana kosa.

Lusubilo hakuwapa nafasi ya kuendelea kutazama viatu. Aliwapangia kazi kama mwenyekiti wa harusi. Luka amalizie ukuta wa mbele, Restuta atundike mapazia, asugue sakafu ya baraza na kuipaka rangi nyekundu. Na hapo hapo dalali akatoa dukuduku lake.

"Shemeji, mkanye mumeo huyu wa leo. Nimemwambia tukate ile migomba nyuma ya jiko, uwanja ukunjuke, mtu akisimama barazani aone mpaka kwenye uzio. Banda la kuku amebomoa. Mparachichi ameukata, mparachichi wenye matunda, shemeji, mimi mwenyewe niliumia. Lakini migomba? Hataki hata panga lipite karibu."

Restuta akageuka kumtazama Luka. Luka alikuwa anakoroga rangi kwenye kopo, anakoroga kwa makini kama anapika uji wa mgonjwa.

"Ina mikungu," alisema bila kuinua uso.

Restuta alikwenda nyuma ya jiko kuchota maji, akaiangalia ile migomba kwa karibu. Haikuwa na mkungu hata mmoja. Lakini chini yake palikuwa safi kuliko uwanja wote. Hapakuwa na jani la magugu. Majani makavu yalikuwa yamekatwa vizuri kwa kisu, hayakuvutwa kwa mkono, na udongo umepandishwa kidogo kuzunguka mashina, jinsi mtu anavyomfunika mwenzake shuka asimwamshe.

Akasimama na ndoo yake mpaka ikafurika miguuni.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Ajabu ni kwamba mikono ilikumbuka. Alipopanda kwenye stuli kutundika pazia la sebuleni, Luka alifika kuishika stuli kabla hajaita, kwa sababu mguu mmoja wa stuli ile ulikuwa mfupi na ni wao wawili tu waliojua. Alipomaliza akaona ukutani, juu ya kochi, pale ambapo brashi ya Luka haikupita. Katikati ya rangi mpya palibaki kipande cha pembe nne cha rangi ya zamani. Ndipo ilipokuwa picha ya harusi yao.

"Hapa umesahau," alisema.

"Sikusahau."

Luka aliingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Kitenge chake Restuta, kile cha maua ya zambarau alichokitafuta sana alipokuwa anafungasha. Picha ilikuwa ndani. Luka aliitundika, akarudi nyuma hatua, akainyoosha, na picha ikaziba ile alama sawasawa.

Kwenye picha marehemu baba yake Restuta alisimama katikati yao, amekunja uso kama hakimu. Mzee Tumpale hakuutaka uchumba ule hata kidogo. Alisema dereva ana mke kila penye mizani ya malori, na kwamba hawezi kumtoa binti yake kuwa mke wa mizani ya mwisho. Luka alimwendea Isongole mara kwa mara, akakaa naye, akamsaidia kubeba magunia ya maharage, akacheka utani wake. Siku ya siku mzee akamwambia mkewe kwamba huyu kijana, pamoja na udereva wake, ni mtu. Haukupita muda mrefu baada ya harusi, mzee akafariki, na Luka alimlilia kuliko watoto wake wa kuzaa.

"Alikunja uso kwa sababu ya jua," alisema Luka, akiitazama picha.

"Alikunja uso kwa sababu yako."

Wote wawili wakatabasamu, kisha wakaona wametabasamu, wakaacha.

Nyumba ilinuka rangi. Lusubilo alilalamika kwamba mteja ataumwa kichwa, na Restuta akakumbuka kahawa. Kulikuwa na kahawa kidogo ya shambani iliyobaki kwenye mtungi. Akawasha moto jikoni, akaikaanga kwenye chungu, akaizungusha kwa mwiko mpaka ikageuka rangi na harufu yake ikatoka nje, ikapita uani, ikaingia vyumbani. Luka alikuja akaegemea fremu ya mlango.

"Nikiwa njiani nilikuwa naikumbuka harufu hii," alisema. "Tangu mlima wa Igawilo naanza kuisikia puani."

"Ungekuwa unakuja kuinusa, si kuikumbuka."

Lilimtoka kali kuliko alivyotaka. Luka aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei ambayo hawezi kuipunguza, akarudi kwenye ukuta wake. Restuta alitamani kumwita. Kahawa ikaanza kuungua, akaishughulikia kahawa.

Wateja walifika jua likiwa juu. Mwanamume aliitwa Ferdinand, muuza mbolea, mtu wa haraka aliyegonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole na kutazama dari. Mchumba wake, Ketrina, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye hakugonga kitu. Aliingia sebuleni, akavuta harufu ya kahawa, akaitazama picha ukutani, akatabasamu.

"Mmeishi humu tangu mlipooana?" aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza," alijibu Luka. "Ilikuwa chumba kimoja na jiko. Hapa uliposimama palikuwa na mahindi."

"Na mmeishi vizuri?"

Lusubilo alifungua mdomo kusaidia, lakini Restuta alikwisha kujibu. "Vizuri," alisema, na alishangaa kuona kwamba kwa sehemu kubwa haukuwa uongo.

Ketrina akauliza kama mvua za masika zinaingia barazani, kama majirani ni watu wema, kama asubuhi kuna baridi sana chumba cha upande wa barabara. Luka akainua mkono kumwelekeza kwa Restuta.

"Mama Tumpale ndiye anayeijua nyumba," alisema. "Mimi nilikuwa mtu wa barabarani."

Restuta aliweka sinia ya vikombe mezani. Alijibu maswali yote ya Ketrina, alimwonyesha hata dirisha linalokwama, lakini hakusikia neno alilokuwa analisema yeye mwenyewe. Mama Tumpale. Ulimi wa Luka umeteleza, aliwaza. Umezoea kumwita mwingine. Na huyo mwingine, Erica, amepewa jina ambalo mzee alifariki akiwa anasubiri mjukuu wa kulibeba.

Lusubilo alipowachukua wateja kuwaonyesha vyumba vya kulala, Restuta alitoka moja kwa moja hadi jikoni. Luka akamfuata, kwa kuwa aliuona uso wake.

"Usirudie," alisema Restuta, akiwa amempa mgongo.

"Nini?"

"Kuniita hivyo. Umepata mtoto, nimesikia, sikukulaani. Lakini baba yangu, Luka. Umechukua jina la baba yangu ukampa mtoto wa Erica."

Alipogeuka alimkuta amesimama palepale, mikono inaning'inia.

"Mtoto wa Erica anaitwa Nesta," alisema Luka. "Ni wa kike."

"Basi Tumpale ni nani?"

Luka aligeuza uso kwenye kidirisha cha jiko, kile kidogo cha kutolea moshi, na Restuta akayafuata macho yake mpaka nje, mpaka kwenye majani mapana ya kijani.

Restuta akakaa kwenye kigoda.

Luka alieleza kwa sauti ya chini, akiwa bado anatazama nje. Siku ile alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma, foleni isiyosogea, mama mkwe alipompigia kumwambia uchungu umeanza. Alizima injini. Aliwanunulia soda madereva wenzake waliokuwa wamelala chini ya malori yao, wakamuuliza mtoto ataitwa nani, naye akajibu bila kufikiri kwamba akiwa wa kiume ni Tumpale. Alijua Fausta atachachamaa, kwa kuwa zamu ilikuwa ya jina la ukoo wao. Hakujali. Aliacha lori mikononi mwa mwenzake, akapanda gari la kwanza lililomchukua, na njia nzima mpaka Nanyala alikuwa anamzungumzisha mtoto kwa jina hilo.

"Nilipofika walikwisha kumaliza," alisema. "Mama alikuwa ananawa udongo mikononi. Fausta alinizuia mlangoni. Alisema mambo haya si ya wanaume. Alisema nikikuuliza nitakufungua kidonda, na hutapata mwingine."

"Na wewe ukanyamaza."

"Niliingia chumbani, Resti. Ulikuwa umegeukia ukutani. Nikadhani ndivyo unavyotaka."

"Nilikuwa nasubiri uniulize." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Miaka yote ile. Kila ulipoingia na kuvua viatu nilisema leo ataniuliza. Nikawa najibu rohoni hata kabla hujafungua mdomo. Halafu unauliza kama kuna maji ya kuoga."

"Nilijua alipo tangu siku ile. Palikuwa na udongo mbichi chini ya chipukizi. Ukienda kanisani ndipo nilipokuwa napalilia. Nilidhani hujui kwamba najua, na nilidhani ukijua utaumia."

Restuta alikumbuka Jumapili zile. Alikumbuka kurudi na kukuta jembe limeegemezwa ukutani na tope bado bichi, na kumuuliza analima nini siku ya Bwana, naye kusema anaua nyoka. Alimgombeza, alikumbuka. Alimwambia hana hofu ya Mungu.

Sauti ya Ferdinand ikaita kutoka nje, ya furaha, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Bwana Luka, njoo uone. Hii migomba tukiing'oa, hapa yanaingia magari mawili bila kugusana."

"Hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu," Lusubilo alikuwa anasema walipotoka. "Unaleta vijana, wanachimba mpaka mizizi, unamwaga kokoto."

Ketrina alikuwa amesimama karibu na kichaka, ameshika ncha ya jani moja kati ya vidole. Luka alipiga hatua mbele, akafungua mdomo, sauti isitoke. Restuta akaona kwamba Luka amezoea kunyamaza muda mrefu mno, na kwamba asiposema yeye, halitasemwa tena na mtu yeyote.

"Haing'olewi," alisema.

Lusubilo alimkonyeza. Akamkonyeza tena kwa jicho lile lile.

"Hapo amelala mtoto wetu," alisema Restuta. "Anaitwa Tumpale."

Alijisikia akilitamka. Lilikuwa jina alilolitamka maisha yake yote, la baba yake, la kwenye daftari la shule na cheti cha ubatizo, na bado lilikuwa geni kinywani kama tunda la nchi nyingine. Luka alishika nguzo ya jiko. Ferdinand alivua kofia. Ketrina aliachia lile jani polepole ili lisichanike.

"Poleni," alisema. "Poleni sana."

Ferdinand alimvuta mchumba wake pembeni, wakanong'ona. Haikuhitajika kusikia. Mama yake Ferdinand asingekubali ndoa ianzie hapo penye kaburi, na Ferdinand mwenyewe, pamoja na haraka yake yote, hakuwa mtu wa kumlaghai mama yake. Aliaga kwa heshima, akiomba radhi kama vile ni yeye aliyekosea. Ketrina alirudi barazani, akamalizia kahawa yake akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Asante kwa kahawa, Mama Tumpale," alisema.

"Karibu tena, mwanangu," alijibu Restuta.

Lusubilo ndiye aliyebaki mwisho. Hakuwa na hasira, alikuwa na masikitiko ya mtu aliyepika pilau ikamwagika mlangoni.

"Nyumba ilikuwa imeshauzika, shemeji. Ilibaki kushikana mikono tu." Aliwatazama mmoja mmoja. "Mngeniambia. Ningetafuta mteja wa namna nyingine. Mimi ni dalali, sisi mteja wa kila namna tunaye."

"Hata sisi hatukuwa tumeambiana," alisema Luka.

Dalali akatikisa kichwa, akaweka kalamu zake vizuri mfukoni, akaondoka.

Walikaa barazani, kwenye kizingiti, kwa kuwa sakafu nyekundu ilikuwa haijakauka vizuri. Nyumba nyuma yao ilikuwa safi, mapazia yamenyooka, vioo vinang'aa, sufuria jikoni imejaa wali na maharage ambayo Restuta aliyapika ili wateja waone watu wanakula humo. Haikuwahi kuwa nzuri hivyo walipokuwa wanaishi pamoja.

"Tungesema mwaka ule," alisema Luka.

"Tungesema."

"Resti." Alimgeukia, na macho yake yalikuwa yale yale ya kijana aliyebeba magunia Isongole. "Mimi bado nina..."

"Usimalize, Luka."

"Kwa nini?"

Restuta alitaka sana amalize. Mkono wake hatimaye ulifika pale ulipokuwa unataka kwenda tangu asubuhi. Alilifuta lile tone la rangi sikioni kwa kidole gumba, lakini lilikwisha kukauka, likabaki.

"Kwa sababu ukimaliza nitakubali," alisema. "Na kuna mtoto Tunduma anayetambaa kwenda mlangoni kila akisikia lori. Mimi nimekaa nyumba ambayo baba yupo na hasemi. Usimfanyie huyo. Nenda ukamwite jina lake akiwa anasikia."

Luka aliinamisha kichwa. Mabega yake yalipanda na kushuka, na Restuta hakumgusa tena. Mwishowe akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kizingiti kati yao.

"Nitawaambia wazee nyumba ni yako. Nesta nitamjengea kwa njia nyingine. Fausta atapiga kelele, apige tu." Alisimama, akajipangusa suruali. "Majani makavu usiyavute. Yakate kwa kisu, karibu na shina. Ukiyavuta mgomba unaumia."

"Nimeona unavyofanya."

"Na picha?"

Restuta alitazama ndani. "Iache hapo. Ikitoka, ukuta utaonyesha."

Alimsindikiza mpaka getini, kama mke anavyomsindikiza mume anayekwenda safari, kisha akarudi, Luka asije akamwona akilia. Aliingia jikoni. Wali ulikuwa bado wa moto. Akapakua kwenye sahani moja, akaongeza maharage, na alipoishika sahani ile ndipo alipotambua kwamba hakuwa na njaa.

Akatoka nayo nyuma ya jiko, akasimama mbele ya migomba.

"Tumpale," aliita.

Hakuita kwa sauti ya kilio. Aliita kama mama anavyomwita mtoto aliyezama kwenye mchezo, chakula kinapoa, aje anawe mikono. Sauti ikapita juu ya uzio.

Ng'ambo ya barabara Luka, aliyekuwa anasubiri gari la kwenda Tunduma, aligeuza kichwa haraka, jinsi baba yeyote anavyogeuka akisikia mwanawe anaitwa. Restuta alimwona kupitia kati ya jiko na nyumba, wakatazamana hivyo kwa mbali. Kisha msururu wa malori ukaingia kati yao, marefu, mazito, moja nyuma ya jingine, na lilipopita la mwisho upande ule wa barabara haukuwa na mtu.

Restuta akaiweka sahani chini, akaita tena.